Kiti cha Bi Mwanahawa

Mwenye rimoti apunguze sauti kidogo, nina jambo linanisumbua na nataka mnisaidie. Mwaka huu nimelisimulia mara nne, na kila nikifika mwisho naamua tofauti na nilivyoamua mara ya nyuma. Kwa hiyo msinitegemee mimi, tegemeni akili zenu.

Kule Kilosa, karibu na stesheni ya reli, walikuwepo watu watatu waliotazama runinga moja, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Mwasiti, fundi cherehani, binti mkubwa wa Mzee Kobelo. Alipenda tamthilia za upelelezi, na kipaji chake kilikuwa kutosahau. Muulize nani alivaa saa mkono wa kulia katika sehemu ya tatu, atakwambia, na atakwambia saa yenyewe ilikuwa imesimama saa ngapi. Mimi siwezi kuishi na mtu wa namna hiyo, lakini sifa yake lazima nimpe.

Wa pili ni Mihambo, Mnyamwezi, mtani wa ukoo ule tangu enzi za mababu. Huyu alikuwa mtu wa vichekesho. Alijua kicheko cha kila mtu kinakaa wapi, cha huyu tumboni, cha yule mabegani, na alijua kukitoa.

Wa tatu ni Mama Sikudhani, jirani wa ukuta kwa ukuta. Kipaji chake, kama tunaweza kukiita kipaji, kilikuwa kuchanganya mambo. Umeme wa kwake uliisha mara kwa mara, na mchele hauchambuliwi gizani, basi alikuja kwa Mzee Kobelo na ungo wake. Alikaa mkekani, macho chini akitoa mawe, na uso aliuinua pale tu aliposikia kelele. Akiona maiti inabebwa, anacheka. Akiona mchekeshaji kadondokewa na ndoo, anamwonea huruma mpaka anafuta machozi. Kwake upelelezi na vichekesho vilikuwa hadithi moja ndefu, maana alisema kote ni watu wanakimbizana.

Sasa tuje kwa mwenye nyumba. Mzee Kobelo alistaafu reli, na kwa miaka thelathini alitazama runinga jioni pamoja na mkewe, Bi Mwanahawa, kiti kwa kiti. Kiti cha mama kilikuwa kifupi, kimesukwa kwa ukindu, kakisuka mwenyewe. Mama huyo hakuwahi kutazama kipindi akiwa kimya. Huyu nani? Kafanya nini? Mbona analia? Mzee alinung'unika kila siku, "Tazama, mwanamke, utajua," halafu akaeleza yote toka mwanzo.

Asubuhi moja Bi Mwanahawa alikwenda kuchuma mboga nyuma ya nyumba, akaanguka, akafa. Hakuwa mgonjwa. Hospitali walisema moyo, basi, hawakuwa na zaidi. Tangu siku ya mazishi Mzee Kobelo hakutamka neno hata moja, na chakula alikigusa tu akakirudisha. Daktari alimpima koo na kifua, hakuona ugonjwa. Alimwita Mwasiti pembeni akamwambia kwamba baba yake akiendelea hivyo hawatakuwa naye siku nyingi.

Mwasiti alihamishia cherehani yake pale pale sebuleni. Kila saa moja jioni aliweka tamthilia yake: mwenye hoteli kakutwa amekufa ndani ya tangi la maji, na washukiwa ni sita. Watu walimlaumu, iweje mfiwa aonyeshwe vifo. Akawajibu, "Kwenye tamthilia zangu mtu hafi hivi hivi. Kifo kina sababu, na sababu inatafutwa mpaka ipatikane." Nadhani mnaelewa alikuwa anamsema nani. Mzee akatazama. Likija tangazo, binti anasogeza ugali na mlenda, na sahani isipoguswa anahamisha stesheni. Baba mtu akaanza kula ili amjue muuaji. Wiki ya kwanza alikula matonge mawili, wiki ya pili nusu sahani, ya tatu akamaliza. Hakuongea, lakini mgongo ulinyooka na macho yakarudi na nuru.

Mihambo naye alikuwa na donge lake. Siku ya mazishi alifanya kazi ya mtani, akajilaza kaburini akidai kaburi ni lake na marehemu akatafute kwingine. Watu wote walicheka, isipokuwa mfiwa. Jambo hilo lilimuuma sana, maana mtani asiyemchekesha mfiwa ni mpiga kelele tu. Akaja na flashi imejaa vichekesho vya mlinzi mmoja mnene, analinda ghala huku anaogopa paka. Tamthilia ikiisha tu, yeye anachomeka. Mwasiti alikereka, akasema vichekesho ni vya watu wavivu wa kufikiri, mtu anatumbukia mtaroni, hiyo nayo ni hadithi? Mihambo akamjibu, "Dada yangu, kwako mtu akianguka anapelekwa mochwari. Kwangu anainuka, anajipangusa." Mwasiti akarudi kwenye cherehani yake. Jioni ya tisa, mlinzi alipompigia mbuzi saluti, mabega ya Mzee Kobelo yalitikisika. Sauti haikutoka, lakini alicheka mpaka machozi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akalala hadi asubuhi.

Na Mama Sikudhani? Yeye alichambua mchele. Nasema kweli, hakufanya lingine. Hata kwamba mzee ameacha kuongea hakujua, alidhani ana kiburi cha watu wa reli.

Ikafika Alhamisi, siku mbili kabla ya arobaini. Mpelelezi kawakusanya washukiwa wote sita ukumbini, anataka kumtaja muuaji. Mwasiti kasimamisha cherehani. Mihambo mwenyewe kasogea karibu na kioo. Mama Sikudhani akainua uso kutoka kwenye ungo.

"Mnahangaika bure," akasema. "Muuaji ni yule mlinzi mnene. Jana nilimwona kajificha kwenye pipa, anaogopa paka. Kama hakuua, paka anamwogopea nini?"

Kisha ikasikika sauti imekwaruza kama mlango uliofungwa muda mrefu.

"Wewe mwanamke, huyo yumo kwenye vichekesho."

Mkasi ulimponyoka Mwasiti. Mzee Kobelo hakumwona, alikuwa kamgeukia jirani yake na anaeleza. Akamweleza washukiwa wote sita, mmoja mmoja. Akamweleza mlinzi, pipa, paka, na yule mbuzi wa saluti. Mama Sikudhani akazidi kuvuruga, huyu nani, kafanya nini, na mbuzi ni wa mwenye hoteli? Mzee akanung'unika, "Tazama, mwanamke, utajua." Alipolitamka hilo akasita. Akakitazama kile kiti cha ukindu, akalia kwa sauti, kilio alichokikosa siku ya mazishi. Wote mle ndani walilia naye, na mpaka leo sijui nani alimuua mwenye hoteli.

Jumamosi ikawa arobaini, na ndugu wa marehemu wakaja kugawana vitu vyake kama ilivyo desturi. Khanga ziligawiwa, sufuria zikagawiwa. Ikafika zamu ya kiti. Dada wa marehemu akasema kiti cha marehemu hakiachwi kitupu nyumbani, kikaliwe na mtu wa kila jioni humu ndani, la sivyo yeye anaondoka nacho kwao. Mwasiti alimwangalia baba yake na akaogopa. Aliona wazi kwamba kiti kikiondoka, pengo litabaki pale ubavuni pake kila jioni, na mzee anaweza kurudi kulekule alikotoka.

Mzee Kobelo akasema, "Atakaa aliyenirudishia sauti. Awe mmoja. Mimi mwenyewe nimejaribu kumjua, nimeshindwa."

Mwasiti alisema asiyekula haongei, na bila sahani zake wangekuwa wanagawana vitu vya watu wawili. Mihambo alisema kifua kilikuwa kimefungwa kwa majonzi na kicheko ndicho kilichokifungua, tena bila mlinzi wake Mama Sikudhani angechanganya nini na nini? Mama Sikudhani alisema yeye hakutaka kiti, alikuja na ungo wake. "Lakini niambieni," akauliza, "wiki tano mmekaa naye. Alimjibu nani?"

Hapo ndipo kichwa changu kinapozunguka. Namtaka Mwasiti, halafu nakumbuka kwamba yeye hasahau kitu, hatauliza kitu, na baba atakaa pembeni yake hana la kumweleza. Namtaka Mihambo, halafu najiuliza mtani anakaaje kiti cha marehemu bila watu kudhani ni utani mwingine. Nahamia kwa Mama Sikudhani, maana mwenye kiu haulizi kama mvua ilikusudia kunyesha. Lakini alikosea tu, jamani. Mtu hutuzwa kwa kosa? Tena mkalishe kitini, umwondolee ungo, macho yaelekee kwenye kioo. Atayaona yote, atayaelewa, na atanyamaza.

Walibishana hadi saa moja jioni. Marudio ya ile sehemu ya mwisho yalikuwa yanaanza. Dada wa marehemu alikuwa kasimama, mkono mmoja tayari umeshika kiti. Mzee Kobelo akachukua rimoti, akakaa mahali pake, akawatazama wote watatu.

"Kipindi kinaanza," akasema. "Nani anakaa?"

Mimi sijui. Nyie mliotulia hapa mmenisikiliza, mkono wa dada wa marehemu uko kwenye kiti na mzee anasubiri. Mngemwambia nani akae?