Mbwa Waliokataa Uji

Mna wasomi tele, halafu mnakuja kunisumbua mimi niliyeishia darasa la pili! Eti bunge likiuliza jeshi limefanya nini nje ya mpaka linaambiwa ni siri, na wabunge wenyewe wanapiga makofi, bibi atueleze. Haya, kaeni. Sirudii.

Mtu mmoja alikuwa na kazi moja tu: kuangalia. Jina lake Mzava. Kijiji kilifuga mbwa wakali kwa ajili ya wezi, akawekwa mtu aitwaye Kiondo kuwatunza. Lakini mbwa wa kijiji walilishwa uwanjani, asubuhi, mbele ya watu. Mbwa anayekataa uji amekula kwingine, mifugo ya watu, na huyo anafungwa mnyororo. Mzava alichaguliwa na wanakijiji asimame pale, atazame.

Kiondo akamwambia ulinzi hautazamwi, maadui watajifunza. Akampelekea paja la mbuzi. Mzava akala, wala hakuuliza mbuzi katoka zizi la nani. Mbwa wakahamishiwa nyuma ya ua. Uji ukawa unamwagwa tu, nzi wanashiba.

Ng'ambo ya mto waliishi watu waliopatana na kijiji kile tangu zamani. Nahana, binti wa Mzava, aliolewa huko. Watu hao wakaanza kulia kwamba mifugo yao inararuliwa. Mkutanoni mama mmoja akasimama.

"Mzava, tulikuweka uwe macho yetu. Mbwa wanakula nini?"

"Mama, hayo ni mambo ya ulinzi. Wanakula vizuri."

Watu wa Kiondo wakacheka, wakamwambia yule mama akaangalie chungu chake jikoni. Mzava naye akacheka. Alicheka, mnanisikia?

Wiki ile ile mbwa wakavuka tena. Mume wa Nahana akatoka kuokoa mbuzi wake, wakamrarua yeye, mlangoni kwake, mkewe akiona.

Watu wa ng'ambo walipokuja, Kiondo alikuwa ameshatoroka. Wakamchukua Mzava. Hakuna jirani aliyefungua mdomo kumtetea, maana kila mtu alijua kutazama ilikuwa kazi ya nani.

Sasa anachunga mbuzi wa marehemu, na uzee wote ule, analala zizini. Wajukuu wanamkimbia. Nahana akimletea chakula anamwita "wewe". Neno baba hajalisikia tena.