Mzee wa Kuazima

Mvi huota penye maji. Mmeisikia leo harusini, na sasa mnataka kujua imetoka wapi. Haya, kaeni, na wewe Saumu weka simu chini. Methali hii ina mwanzo wake, na mwanzo wenyewe niliuona.

Jiji ni hili hili. Mtaa wa Kileleni, nilikolelewa na bibi yangu, Bi Mgeni, kila baraza lilikuwa na wazee wanaocheza bao na kugombana. Huku Bondeni, karibu tu, mzee ulikuwa humwoni. Mtu akifika miaka hamsini, walimtazama kama mgeni aliyechelewa kuaga. Walikunywa maji ya visima vilivyochimbwa jirani na vyoo, wakafa kwa kuhara na homa ya matumbo, na wenyewe wakaamini kwamba damu yao ni fupi.

Sasa, posa haipelekwi bila mzee mwenye mvi. Bondeni wakawa wanaazima: humwendea mzee wa Kileleni, akavaa kanzu yake, akawasemea. Babu yenu Makame aliponitaka, watu wake wakamwazima Mzee Kitwana. Hawakuuliza anakaa nyumba gani. Loo! Yake na yetu zilikuwa ukuta mmoja.

Alipobisha hodi na ujumbe wake, bibi alimwuliza kama amekuja kuomba chumvi. Wageni wakainamisha vichwa. Mimi nilikuwa chumbani, moyo unanidunda, maana nilimpenda Makame, wala sioni haya kuwaambia.

"Wazee wenu wenyewe wako wapi?" bibi akauliza.

Aliyejibu ni mama yake Makame, Bi Mwanakhamisi. "Tumewazika, mama. Damu yetu fupi."

"Basi mjukuu wangu simtoi. Sitaki awe mjane angali kijana."

Nikalia kimyakimya, nikajua yamekwisha. Hapo ndipo Mzee Kitwana, aliyeletwa kusema maneno ya wengine, akasema ya kwake. Kumbe alizaliwa Bondeni. Yeye alipata kazi akahamia Kileleni kwenye maji ya bomba. Mdogo wake, Hamadi, akabaki na kisima.

"Tumbo moja lilituzaa," akasema. "Hamadi nimemzika hana hata unywele mmoja mweupe. Damu ni ile ile, Bi Mgeni. Maji ndiyo mbalimbali."

Bomba la mji lilikuwa likiishia mtaani kwetu, na bibi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokataa lisiteremshwe, wakiogopa maji yatapungua. Aibu ilimshika, nami nilimwona kupitia pazia. Mwishowe akasema posa ameipokea, ila kwa sharti moja.

"Bi harusi wangu hashuki Bondeni kabla maji hayajashuka."

Akaingia nyumba hadi nyumba. Wale waliokuwa wakikataa pamoja naye wakachoshwa na ulimi wake, wakakubali. Vijana wa mitaa miwili wakachimba mtaro wa bomba, babu yenu akichimba kuliko wote, na sababu mnaijua. Maji yakafika Bondeni Alhamisi, mimi nikafika Ijumaa. Kule Kileleni yalipungua kidogo, watu wakanung'unika, kisha wakazoea.

Nikazaa, nikalea, na sikuzika hata mtoto mmoja. Miaka ikapita. Asubuhi moja nilikuwa namnyoa babu yenu uani, nikaona unywele mweupe juu ya sikio. Nikamwita mama mkwe.

Bi Mwanakhamisi akaja na mkongojo wake, akaugusa ule unywele kwa kidole, kisha akapiga vigelegele. Majirani wakaja mbio, wakidhani kumezaliwa mtoto. Wakauliza kuna nini. Akamshika mwanawe kichwa kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka, akawaambia:

"Njooni mwone. Haikuwa damu. Mvi huota penye maji."