Mwenye Mavi Kajitaja

Siwema alilisha shamba lake mboji, na matikiti yake yakawa matamu hata wachuuzi wakayaacha ya Mhando, tajiri wa ng'ombe. Mhando akamjia pamoja na mwenyekiti wa kijiji, akaligonga kwa fimbo lundo la mboji.

"Haya ni mavi ya ng'ombe wangu, umeyaokota njiani. Nayachukua yote."

"Kwani yakidondoka njiani bado ni yako, bwana Mhando?"

"Popote yanapodondoka ni yangu! Nyinyi maskini hata mavi mnaiba?"

"Hebu rudia, mwenyekiti asikie vizuri."

Mhando akarudia kwa kelele.

"Mwenyekiti," Siwema akasema, "mwaka mzima mnamtafuta mwenye mavi yanayojaa kisimani, sokoni na mlangoni pa zahanati. Leo kajitaja mwenyewe. Mpe fagio."

Mwenyekiti akamgeukia Mhando. "Utaanza na kisima?"

"Si yangu!" Mhando akaruka. "Yakishadondoka ni ya anayeyaokota!"

"Umesema mbele yangu," mwenyekiti akajibu.

Jioni ile Siwema akaingia na toroli katikati ya zizi la Mhando.

"Unatafuta nini humu?" Mhando akafoka.

"Yamedondoka," akajibu Siwema, akaanza kuzoa.