Siku Kipupwe Alipoingia bila Hodi

Nani kasema baridi ni shetani? Haya, sogeeni hapa mnyamaze. Mimi niliolewa uke wenza, jambo hili nalijua kuliko nyie.

Zamani hizo mvua haikuwapo. Bonde alikuwa na wake wawili. Mkubwa, Kipupwe, alikaa milimani: hewa ya baridi, nzito, kavu, mwanamke wa maneno machache. Mdogo, Fukuto, alitoka ziwani, mwepesi, ana joto lake, na kila alipokuja alijitwika mitungi ya maji. Alimnyunyizia mumewe umande kwa ncha za vidole, kidogo kidogo, ili azidi kutamaniwa. Alijua kudeka yule!

Walikwenda kwa zamu, siku nne nne. Desturi yao ilikuwa hii: anayeingia apige hodi na kusubiri mwenzake atoke kwa mlango wa uani, wasikutane. Kwa hiyo mbingu ilikuwa shwari mwaka mzima.

Lakini Kipupwe alikuwa na macho. Zamu ya Fukuto, Bonde alivaa majani mabichi akachangamka. Zamu yake yeye, mume alijikunyata na kuuliza, "Mwenzako anarudi lini?" Jamani! Uulizwe hivyo chumbani mwako, na wewe ndiye mkubwa! Wivu ukamwingia. Alitaka jambo moja tu, mumewe amfurahie.

"Ni ile mitungi," akajisemea. "Ikivunjika, atapendewa nini?"

Siku ya tatu ya zamu ya mwenzake, akashuka. Hodi hakupiga. Kwa uzito wake alipita chini kabisa, sakafuni, akajipenyeza miguuni mwa Fukuto, akamwinua mzobemzobe pamoja na mitungi yake.

"We mwanamke, una wazimu? Nishushe!"

"Kadeke huko huko juu!"

Huko juu mitungi ikapasuka yote. Radi, ngurumo, mvua ya mawe. Hiyo ndiyo mvua ya kwanza.

Kipupwe akabaki na mumewe, wawili tu, akingoja. Bonde alikuwa amelowa chapachapa, mito inambubujikia kila upande. Akatazama juu, akapaza sauti: "Ahsante, Fukuto! Ahsante, mke wangu!"



Na tangu siku hiyo, hakuna anayemngoja mwenziwe. Fukuto akija na kumkuta Kipupwe hajatoka, humpanda mgongoni polepole, na manyunyu hayakatiki kutwa. Lakini Kipupwe akija na wivu wake, mawingu husimama wima, upepo hugeuka ghafla, mvua hupiga kwa kishindo, kisha mbingu hutakata. Watu hutoka uani kuishukuru mvua, wakacheka, wakakinga ndoo. Halafu huingia ndani na kufunga madirisha, baridi isiwaguse.