Kamba ya Kengele ya Lupembelwa

Hapo zamani, mnara wa kanisa la mawe la Lupembelwa ulipokuwa ungali umesimama, msakristia wake, mtunza vyombo vya ibada, alikuwa binti mmoja mwoga, jina lake Perpetua. Mnara ulikuwa na ufa, na mlango mkubwa wa kanisa ulikuwa chini ya mnara huo huo. Perpetua alibandika ukanda wa karatasi juu ya ufa kwa uji wa muhogo. Karatasi ikichanika, ujue ufa umetembea. Kila asubuhi alitazama.

Alhamisi aliikuta imechanika.

"Mende hao," alisema Mzee Kalisti, mpiga kengele. "Umewapikia uji, mjukuu wangu, wasile?"

Perpetua alitaka kuamini, akaamini. Akabandika nyingine, asimwambie padri.

Jumapili ilikuwa sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia. Misa imeanza, watu wamejaa hadi ngazini, Perpetua akaikuta karatasi imechanika tena, imenyooka kama iliyopitishwa wembe. Mende hali hivyo. Vumbi la chokaa likamdondokea mkononi.

Akamnong'oneza Kalisti. Mzee akatazama juu, asitanie tena.

"Ukipiga kelele watakimbilia mlango huu. Na kengele ikilia leo, mtikisiko wake utauangusha mnara. Nenda kwa Leokadia. Mimi naishika kamba, mtu asije akaivuta kwa mazoea."

Perpetua akaenda, akamnong'oneza habari ya mnara. Mama Leokadia, mwalimu wa kwaya, hakuuliza neno. Alikatiza wimbo, akaanzisha wa maandamano, akatangulia kutokea mlango wa sakristia, mbali na mnara. Watu wakashangaa, wakafuata, maandamano hufuatwa. Hata padri akafuata.

Mtu wa mwisho wa maandamano alipokanyaga nyasi, mnara ukaanguka. Kalisti alitolewa kifusini hai, ngumi ingali imefumbata kamba. Miguu yake haikusimama tena.

Mwaka uliofuata ikaletwa kengele mpya. Kengele nayo hubatizwa, na huchongwa jina la msimamizi wake wa ubatizo, mmoja tu.

"Kalisti," walisema wazee. "Amelipa kwa miguu."

"Nilishika kamba tu," alisema Kalisti kitini. "Aliyewatoa ni Leokadia."

"Niliimba nilichoambiwa," alisema Leokadia. "Bila jicho la Perpetua, ningeimba ya mazishi."

Wote wakamgeukia Perpetua.

"Alhamisi niliona," alisema. "Nikanyamaza."

"Mende walikuwa wangu," alisema Kalisti taratibu.

Fundi wa kuchonga amesimama na patasi yake, anangoja jina moja. Je, ninyi mnaonisikiliza, mngemtajia la nani?