Wajane Watatu na Bwawa la Mdoe

Kaeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa, na mwenye mtoto amnyonyeshe, maana hadithi hii ina hukumu mwishoni, na hukumu haitolewi na aliyesikia nusu. Kwa jina la Mwenyezi Mungu, naanza.

Palikuwa na mji uitwao Vuguma, chini ya mlima. Katika mji huo aliishi Semkiwa na wake zake watatu, kila mmoja na nyumba yake, na kila mmoja na kazi ya mikono yake.

Mke mkubwa, Mwantumu, alikuwa mfinyanzi. Chungu chake ukikigonga kwa ukucha kililia kama kengele, na kilidumu mpaka mwenye kukinunua akawaachia wajukuu.

Mke wa pili, Siwema, alikuwa msusi. Alisuka maharusi na alisuka wafiwa, na mkono wake ulikuwa mkali. Ukitoka kwa Siwema hukuweza kufumba macho vizuri siku nzima, lakini msuko wake haukufumuka. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa miguu, na mdomo wake haukulala.

Mke mdogo, Zuhura, aliumika watu, kazi aliyorithi kwa baba yake. Alipitisha moto ndani ya kikombe cha udongo, akakibandika upesi mgongoni pa mgonjwa. Kikombe kikipoa kiliinua nyama kama mdomo wa mtoto anyonyaye, na damu mbaya ikapanda ikatoka.

Wake hao hawakupendana. Sitawapamba. Walisalimiana kwa sababu Mungu ameamrisha salamu.

Semkiwa alikuwa msimamizi wa mfereji. Juu mlimani palikuwa na bwawa, na mfereji ulishuka kutoka kwenye lango la bwawa hadi mashambani, kila shamba na zamu yake. Kando ya bwawa aliishi mtu mmoja, Mdoe. Siku moja Mdoe aliyageuza maji kwenda shambani kwake katika zamu ya yatima. Semkiwa akapanda kuyarudisha. Mdoe akampiga jembe la kisogo, mbele ya watu, kisha akaingia ndani kumalizia chakula chake.

Walimteremsha Semkiwa juu ya ubao wa mlango. Tulikotoka ni kwa Mungu na tunarudi kwake. Lakini anayeletwa hivyo, nyumba yake haipoi upesi. Nisemalo nalijua.

Mdoe hakukimbia. Alilifunga lango la bwawa kwa mawe na udongo, akasema, "Mgawaji amekufa. Sasa maji ni yangu." Njia ya kumfikia ilikuwa moja, nyembamba, na yeye alikaa juu yake na rundo la mawe. Wanaume wa Vuguma walipanda, wakarudi wakibebana. Mmoja alirudi kuzikwa.

Sasa shikeni jambo hili la sheria yao. Katika mji ule, muuaji akijificha au akijifungia pasipofikika, anayemtoa humo ndiye mwenye neno juu yake. Akisema afe, anakufa. Akisema aachwe, anaachwa. Lakini neno ni moja na mdomo ni mmoja. Hawakukubali midomo miwili, kwa kuwa damu ikibishaniwa, walisema, huzaa damu nyingine.

Wajane wakaingia eda. Kwa kuwa maji yalikuwa haba, waliwekwa wote katika nyumba ya Mwantumu, watu ambao hawakuwahi kula sahani moja. Na kila adhuhuri, kabla ya adhana, sauti ya Mdoe ilishuka kutoka mwambani.

"Wajane! Hamjambo? Mimi leo nimeoga mara mbili!"

Siwema akainuka. "Wallahi nitamtafuna mbichi."

"Kwanza umfikie," alisema Mwantumu. "Keti. Unavunja eda kwa kelele."

Zuhura alikuwa pembeni, anasugua vikombe vyake kwa majivu. Akasema polepole, "Anachoringia ni maji. Tumnyang'anye maji, atashuka mwenyewe."

Siwema akacheka. "Hee, bi mdogo! Bwawa liko nyuma ya ukingo wa mwamba. Utayaita kwa jina lao yapande, kisha yatushukie?"

"Damu nayo iko chini ya ngozi, dada," Zuhura akajibu, "na hunipandia mimi kila Jumatatu."

Mwantumu akanyoosha mkono. "Nipe hicho kikombe." Akakigeuza, akatazama ndani, akakigonga kwa ukucha. "Udongo mbaya," akasema. "Lakini maneno si mabaya." Tangu siku ile walikula sahani moja. Si kwa mapenzi. Chuki yao ilikuwa imepata mahali pengine pa kwenda.

Nyuma ya mlima palikuwa na jabali wima. Mdoe hakulilinda, kwa maana vilikuwapo vigingi vichache tu vya kukanyagia, vilivyopigiliwa zamani na warina asali. Mtu mwepesi mwenye mikono mitupu aliweza kupanda, lakini akifika juu peke yake angekutana na mbwa wa Mdoe na mkuki wake. Hapo ndipo walipotaka kupitisha maji.

Mwantumu alifinyanga vyungu visivyo na kitako. Vilikuwa virefu, vyembamba, na mdomo wa kimoja uliingia katika tundu la chini la kingine. Alivichoma, akavijaribu, vikavuja pumzi. Akasema, "Nimefinyanga miaka yote nikizuia maji yasitoke. Sikuwahi kuzuia upepo usiingie." Akavipika tena, akavisugua nta ya nyuki vikiwa bado na moto, ndani na nje, kama anavyofanya chungu cha samli. Safari hii akapuliza upande mmoja na kuziba mwingine kwa kiganja, na pumzi ikabaki ndani. Maji yakapata njia yao.

Siwema alichukua katani akaisuka. Hakusokota kama watengeneza kamba. Aliisuka twende kilioni, ule msuko wa wafiwa, usio na urembo, unaokaza kila unapovutwa. Eda yake ilipokwisha alipanda jabali na ncha ya uzi kiunoni, akavuta kamba, na kwa kamba akavuta vyungu, kimoja baada ya kingine, akiziba maungio kwa nta. Kila chungu alikisukia jabalini kama nywele kichwani, kikashikwa kisiweze kuteleza wala kuyumba. Usiku, mbwa akiwa upande wa lango, ncha ya juu aliivusha ukingo wa mwamba, akaizamisha bwawani chini ya matete. Aliposhuka, viganja vyake havikuwa na ngozi. Njia ya maji ikasimama.

Lakini njia ilikuwa kavu. Maji yalikuwa bwawani, na ukingo wa mwamba ulikuwa mrefu kuliko mtu.

Zuhura alikuwa na mimba ya marehemu, na eda ya mwenye mimba ni mpaka ajifungue. Shehe kadhi aliulizwa. Akasema mwenye haja atoke mchana, arudi. Wako waliosema kisasi si haja. Zuhura alitoka. Alifika chini ya jabali na chungu kidogo, akapitisha moto ndani, akakibandika kwenye ncha ya chini. Kikavuta, kikachoka. Hakuna kitu.

"Mgonjwa mkubwa, kikombe kikubwa," akasema. Akaomba mtungi wa nafaka, ule mkubwa kuliko yote nyumbani. Akauwashia nyasi kavu ndani mpaka ukanguruma, akaubandika, Mwantumu akiushika, akauzungushia unga uliokandwa mdomoni, kisha akaumwagia maji ya mwisho waliyokuwa nayo ili upoe. Wakasubiri. Mtungi ukalia. Unga ukaanza kunyonywa ndani. Halafu juu kabisa, ndani ya vyungu, wakasikia kitu kinakuja kama mtu anayemeza mate.

"Ondoeni!" Zuhura akapiga kelele. Wakaung'oa mtungi, na maji ya Mdoe yakawaangukia miguuni. Hayakusimama tena.

Sikilizeni sasa kosa la Mdoe. Watu wa mifereji wanajua kwamba maji hayapandi. Bwawa likipungua, limevuja kwenye lango. Basi Mdoe alipoona bwawa linashuka alikimbilia langoni na udongo na samadi, akakandika. Likashuka. Akabomoa ukuta, akaujenga upya. Likashuka. Kila siku alikuwa amepiga magoti langoni akitafuta tundu ambalo halikuwapo, na nyuma yake, ndani ya matete, bwawa lilikuwa linapanda mwamba na kuondoka. Wala hakuita tena kuwajulia wajane hali. Siwema ndiye aliyemwita kutoka bondeni: "Baba Mdoe! Leo hujaoga?"

Alishuka mwenyewe, mikono kichwani, midomo imepasuka. Wanaume walimfunga kwa kamba ya Siwema. Alipewa maji kwa kata, kwa kuwa kumnyima mwenye kiu ni dhambi, hata yeye. Akapelekwa barazani kwa kadhi.

"Nani amemtoa?" kadhi akauliza.

"Mimi," wakajibu watatu.

Mwantumu akasema, "Bila vyungu vyangu, maji yangepita wapi? Mtungi wenyewe aliobandika huyu nimeufinyanga mimi. Ninataka afe leo, kabla ya alasiri. Nimelala na mume wangu tangu nikiwa msichana. Sitaki nilale tena mji mmoja na huyu."

Siwema akasema, "Vyungu vyako, bi mkubwa, vingekuwa bado uani vinaatamiwa na kuku. Nani aliyepanda? Tazama mikono. Nami sitaki afe, kifo ni cha haraka. Arudishwe kule juu, njia izibwe. Chakula apelekwe. Maji apewe kata moja kwa siku, na siku zote asikie mfereji wetu ukipita chini yake."

Zuhura akasema, "Mlijenga njia, ikakaa kavu. Mimi ndiye niliyeyaita yakaja."

"Ukiwa umevunja eda!" Mwantumu akamkatiza. "Mkono uliovunja eda hauhesabiwi!"

"Kadhi aliruhusu, bi mkubwa. Nawe ulinishikia mtungi." Zuhura akaweka mkono tumboni. "Mwenye kudai damu hii zaidi yetu hajazaliwa. Mdoe afungwe, alishwe vizuri, asipigwe. Mwanangu akibaleghe, yeye ndiye atasema."

Mdoe aliposikia hivyo akalia, akainama kumwelekea. "Mungu akubariki, mwanangu. Wewe una huruma."

"Usinishukuru," Zuhura akamwambia. "Kila Idi nitamleta umwone anavyokua. Mara atakuwa na sura ya baba yake, mara na mkono wake. Na kila Idi utarudi kulala ukijiuliza ana roho ya nani."

Na Siwema, ambaye hakuwahi kumsifu mke mwenzake, akasema taratibu, "Huyu bi mdogo ni mbaya kuliko sisi."

Kadhi akafunga kitabu chake. "Nipeni mdomo mmoja," akasema. "Sheria hainipi ruhusa ya kuchukua mitatu." Wakatazamana. Hakuna aliyeachia. Na Mdoe amekaa katikati, kamba mikononi, anatazama mdomo huu na ule na ule.

Hapo ndipo ninapowaachia, ndugu zangu. Lakini nawatahadharisha. Wengi nikiwauliza huanza na hukumu wanayoipenda, kisha humtafuta mwanamke anayeitamka. Usifanye hivyo. Mungu anakuona. Mfinyanzi alitengeneza njia, msusi akaisimamisha, mwumikaji akaifanya iishi. Amua kwanza ni mkono wa nani uliomtoa muuaji, hata kama neno litakalofuata litakuondolea usingizi.

Semkiwa yuko kaburini, hawezi kusema. Wewe uko hapa. Utampa nani neno?