Mshale Uliogoma

Mwenye uchungu wa uzazi akimwonea haya mkunga, huenda akapotea yeye na kilichomo tumboni. Hapo ndipo wazee walipoitoa methali ya mficha uchi hazai. Mwenye shida akiificha kwa kuogopa kuchekwa, msaada humpita mlangoni huku akiutazama. Bi Rahima wa Amu, mji wa Lamu, aliijua methali hii tangu utotoni na aliwahi kuwasuta nayo wenzake. Lakini kuijua methali ni kitu kimoja na kuifuata ni kingine.

Mumewe, Bwana Jeilani, alikuwa na kompyuta ya mezani katika chumba cha ndani, chini ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Kibodi na kipanya chake havikuwa na waya, jambo lililowastaajabisha wageni. Hapo aliwaandikia watu wa mtaa barua zao za serikali na maombi ya kazi, na kazi ya Bi Rahima ilikuwa kumletea kahawa. Lakini ulimi hauna mfupa. Kila penye arusi, Bi Rahima aliwaambia wanawake wenzake kwamba barua zile huziandika yeye na mumewe hutamka tu. Wakamsifu, wakampa jina la Karani. Jina lilimkaa vizuri, naye hakulivua.

Kisha ikatoka ilani ya ofisi ya ardhi kwamba mtu mmoja analidai shamba la Siyu, shamba ambalo Jeilani alilirithi kwa mamake na ambamo mama huyo amezikwa. Mwenye pingamizi alipewa siku sitini. Hati yenyewe ilikuwa imeliwa na mchwa zamani, na picha yake pekee ndiyo iliyobaki ndani ya kompyuta. Jeilani akaandika barua ya pingamizi, akaiambatisha ile picha, akasema ataisoma mara moja tena na kuituma akirudi kuswali Ijumaa. Akavaa koti lake juu ya kanzu, akatoka. Alirudi amebebwa.

Bi Rahima akaingia eda ya kufiwa na mume. Alikuwa hatoki, hajitii manukato wala havai asumini. Nguo za marehemu zikagawanywa sadaka kama ilivyo ada, na koti lile akapewa Mzee Dawud wa kijiji cha Matondoni, fundi wa vyombo vya baharini aliyekuwa sahibu wa marehemu. Kompyuta ikafunikwa leso, na kwa majonzi yale hakuna aliyeikumbuka mpaka Jumatatu moja binti yake, Amal, alipopiga simu kutoka Mombasa.

"Mama, ile ilani yaisha Ijumaa saa kumi na moja. Barua iko tayari hapo kwa kompyuta, ifungue tu ubofye Tuma. Neno la siri la barua pepe Baba ameenda nalo, mimi huku siwezi kitu."

"Nayua," akajibu Bi Rahima. "Kazi hiyo ni ya kunifundisha mimi?"

"Nimwambie Mwalimu Jeruto aye akuangalilie?"

"Aye kufanya nini? Mimi si mtoto, Amal."

Jeruto alikuwa mwalimu wa kompyuta kutoka bara, aliyepanga nyumba ya pili. Ukuta wao ulikuwa mmoja. Eda haikumzuia mwanamke kuingia, na Jeruto mwenyewe alikwisha kusema tangu siku za matanga kuwa aitwe kwa lolote. Lakini Bi Rahima aliwaza: mwalimu akiingia ataona kuwa Karani hajui kitu, na likishatoka kwa mwalimu litafika kisimani kabla ya adhuhuri. Basi akaufunga mlango wa ndani na kuanza kazi peke yake.

Kompyuta iliwaka bila tabu. Barua ilikuwa pale kwenye kioo, imeandikwa "Shamba la Siyu" kwa herufi alizoweza kuzisoma hata bila miwani. Katikati ya kioo ulisimama mshale mdogo mweupe. Akasukuma kipanya kulia, akakisukuma kushoto. Mshale haukujongea hata unywele.

Akafikiri ni betri. Akazitoa betri za saa ya ukutani, akazitia kwenye kipanya. Alipokipindua aliona kiswichi kidogo tumboni, akakisogeza, taa nyekundu ikawaka. Akasema alhamdulillahi, akakirudisha mezani, na mshale ukabaki pale pale. Jumanne alinunuliwa betri mpya za kibodi na msichana wa jirani, aliyeambiwa kuwa ni za redio. Jumatano alisugua kibodi na kipanya kwa kitambaa, akavisogeza karibu na kompyuta, akavipeleka mbali, akaizima kompyuta na kuiwasha mara saba. Alijaribu kila alichoweza kukigusa. Asichokijua hakuweza kukijaribu, na aliyekijua alikuwa upande wa pili wa ukuta akisahihisha madaftari.

Kila jioni Amal alipiga simu. "Mama, umetuma?"

"Naituma. Naisoma kwanza, isiwe na kosa."

Alhamisi alasiri Jeruto alibisha hodi, mkate wa sinia mkononi na mkoba wa shule begani. Bi Rahima akarusha leso juu ya kompyuta kama mtu anayefunika chungu kilichoungua, akamkaribisha.

"Bi Rahima, pole na eda," alisema Jeruto baada ya salamu. "Naona umeifunika kompyuta ya mzee. Bado inafanya kazi?"

Swali lilikuja lenyewe, hakulitafuta. Bi Rahima alihisi jibu la kweli limemfika kooni. Angesema neno moja tu. Lakini alimwona Karani akivuliwa jina mbele ya macho yake, akalimeza lile jibu.

"Nzima, mwalimu. Yafanya kazi sana."

"Basi vizuri. Kukiwa na shida, niite." Jeruto akanywa kahawa, akauchukua mkoba wake, akaenda zake.

Ijumaa ilikuja bila huruma. Adhana ya alasiri ilipolia, Bi Rahima alikuwa bado amekaa mbele ya mshale, kipanya kimelowa jasho la kiganja. Saa kumi na nusu simu ikalia.

"Mama! Nimewapigia ofisi ya ardhi, wasema hawajapata kitu. Niambie kweli, kuna nini?"

Hapo bwawa likapasuka. "Mwanangu, haiendi. Tangu Jumatatu haiendi. Mimi siyui kitu. Sikuyua kitu tangu zamani." Akalia kilio ambacho hata matangani hakukilia.

Amal alimtafuta Jeruto kwa simu. Mwalimu alikuwa darasani na simu yake imezimwa. Alipotoka na kuuona ujumbe, alikimbia vichochoro vyote vile mpaka mlangoni, akaingia akihema. Aliinama nyuma ya kompyuta mara moja tu.

"Kidude chake kiko wapi? Kipo kijidude kama ukucha, huchomekwa hapa, ndicho kinachozungumza na kipanya na kibodi. Bila hicho hata utie betri za dunia nzima haviendi."

Bi Rahima akashika kichwa. Alikuwa akimwona Jeilani kila amalizapo kazi akichomoa kitu nyuma ya kompyuta na kukitia mfukoni, wajukuu wasije wakakichezea. Aliliona tendo lile miaka sita na hakuuliza, kwa kuwa Karani haulizi. "Kimo kotini," akanong'ona. "Na koti liko Matondoni."

Jeruto hakungoja. Alitoa mkobani kipanya cha shule, chenye waya mrefu mweusi, akakichomeka. Mshale ukaruka papo hapo. Barua ikafunguka, akabofya Tuma, ikaenda. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika kumi na nane. Dakika chache baadaye likaja jibu kuwa muda wa pingamizi umekwisha na barua haitasikilizwa.

"Hicho cha waya," aliuliza Bi Rahima polepole, "umekipata wapi leo?"

Jeruto hakutaka kumuumiza, maana alikuwa mtu mwenye huruma. "Huwa natembea nacho, Bi Rahima. Hata jana kilikuwa mkobani, nilipokaa hapa kunywa kahawa."

Wiki ya pili Mzee Dawud alilileta koti mpaka dakani, kwenye baraza ya mlangoni, kidude kimo mfukoni kimefungwa kwa karatasi. Alikidhania kuwa kitu cha thamani cha rafiki yake. Jeruto akakichomeka, na kipanya cha marehemu kikaenda sawasawa. Hapakuwa tena na cha kubofya. Huko Siyu mdai alikwisha kupiga uzio, na kaburi la mamake Jeilani limebaki ndani ya miiba ya mtu mwingine.

Amal alikuja, akalia na mamake, hakumlaumu, na kutolaumiwa huko kulimuuma Bi Rahima kuliko matusi. Eda ilipokwisha, wanawake walikuja kumtoa kwa udi na asumini. Mmoja akamwita Karani. Bi Rahima akamshika mkono.

"Msiniite hivyo. Sikuandika hata barua moya. Mtu wa kuniponya alikaa hapo ulipokaa wewe, na dawa imo mkobani mwake, nami nikamwambia mimi ni mzima."

Hakuna aliyecheka. Kicheko alichokiogopa siku zote zile hakikuwapo, na shamba alilolitoa ili kukikwepa halikurudi. Kweli waliosema hawakukosea: mficha uchi hazai.